Gitaa lenye Mapembe

Lahaula! Aliyetuloga sisi keshakufa, na dawa kazikwa nayo. Kama si uchawi ni nini, kijana auze korosho za msimu mzima, apande basi hapa Kibiti mpaka Kariakoo, arudi na gitaa la umeme jeusi tii, lina mapembe mawili kama nyati wa Selous, halafu atutangazie stendi nzima kwamba bendi yake itapiga zilipendwa harusini? Na wewe unamjua. Kama si huyu wetu, basi mnaye wenu mtaani.

"Bwana mdogo," nikamuuliza, "ulilijaribu dukani?"

"Hapana mzee, umeme ulikuwa umekatika. Ila ona linavyong'aa!"

Tobaa! Nazi moja tu tunaitikisa sikioni tusikie maji ndipo tutoe hela. Mchele wa Ikwiriri tunatafuna punje mbili tatu kabla ya kupimiwa kilo. Gitaa la laki kadhaa, chombo ambacho kazi yake ni kutoa sauti, tunalinunua kwa macho!

Harusi ikawa Nyamisati, kule kwenye boti za Mafia. Jenereta likawashwa, sisi wazee tumejipanga kwenye viti, shingo zimeshaanza kucheza zenyewe, tunangoja solo itiririke kama enzi za NUTA Jazz. Kijana akagusa nyuzi. Loh! Mashine ya kukoboa mpunga imeingia harusini. Somo wa bibi harusi akaziba masikio kwa kanga, mtoto mmoja akaangua kilio, na mzee wa jirani yangu akanyanyuka taratibu kwenda kutafuta kahawa. Ehee, zilipendwa hizo!

Jamani, vidole vya kijana havina kosa. Gitaa lenyewe limeundwa kwa roki nzito. Liinamie uone chini ya nyuzi: pikapu mbili pana za kunasa mlio wa nyuzi, kila moja ina koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Gibson walianza kuzifunga kwenye magitaa yao mwaka 1957 ili kuua ule mvumo wa umeme, na kweli mvumo unakufa, sauti inakuja nene, imeshiba. Kwa kazi yake, safi kabisa. Lakini dansi letu la zamani, au pop ya miaka ya 1960 ya kina Hank Marvin wa The Shadows, inataka pikapu nyembamba ya koili moja, vichwa vyake sita vya sumaku vimejipanga mstari mmoja kama vifungo vya kanzu. Ndizo zilizomo kwenye Telecaster, na Stratocaster iliyotoka 1954 inazo tatu. Sauti yake kavu, ina ukali wa ndimu, kila nota inasimama kwa miguu yake. Solo, sekondi solo na ridhim zikisukana, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Magitaa matatu manene yakipiga kwa pamoja, huo ni uji.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanza 1964, vyombo vyake vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Mpigaji alikabidhiwa gitaa lililopo, akakaa nalo mpaka likamtii. Wa leo ana uhuru wa kuchagua duka zima, anachagua mapembe! Hata Brian May, aliyempigia gitaa Freddie Mercury wetu mzaliwa wa Unguja, alianza kulichonga lake na baba yake mwaka 1963, shingo wakaitoa kwenye ubao wa tanuri kuukuu la kuotea moto. Pikapu? Koili moja moja.

Basi tukamwazimia gitaa Ikwiriri, la bei rahisi, mfano wa Stratocaster, rangi imebanduka kama ukuta wa chokaa. Nyuzi zake nyekundu kwa kutu. Hewa ya chumvi ya huku deltani haimwonei huruma asiyefuta nyuzi kila akimaliza kupiga. Tukafunga mpya, namba kumi. Kwenye amplifaya nikamwambia arudishe kitufe cha mngurumo mpaka sifuri, aongeze mwangwi kidogo tu, kiswichi akisogeze kwenye pikapu ya karibu na shingo. Akapiga nota tatu. Mzee wa kahawa, aliyekimbia Nyamisati, akaweka kikombe chini. "Hebu rudia hapo, mjukuu wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Lile jeusi sasa linaning'inia ukutani kwa kinyozi wa pale stendi. Vijana wanapiga nalo picha, na kwenye pembe la kushoto kinyozi anaanikia taulo.