Mwongozo wa Kuangushwa na Kiti Chako Mwenyewe

Kwa hiyo umeamua. Wenzako wa Karavia, hapa Lubumbashi, wanaridhika na gofu, mchezo ambao ardhi hutulia. Wewe unataka kiti cha mbio za magari kinachoinama ukikanyaga breki na kulala ukikata kona, humo humo ndani ya lupango yako, yaani kiwanja cha nyumba yako. Fuata hatua hizi kwa uaminifu, na hutafika popote.

1. Jipime peke yako. Kilo 80, bukari (ugali) ikiwemo. Usihesabu kiti, usukani, pedali, skrini wala fremu ya chuma uliyochomelewa kule Kenya, ile komini yetu, si nchi ya watu. Hivyo navyo vina kilo 80. Jumla ni 160, na kuzishikilia tu hewani bila kutikisika kunadai nyutoni 1,570 hivi.

2. Gawanya kwa tatu. Una verini tatu, yaani jeki za umeme, basi kila moja ibebe nyutoni 523. Hesabu safi, ila uzito haukusoma shule hiyo. Ukiweka verini moja mbele na mbili nyuma, na uzito ukakaa katikati, ile ya mbele inabeba nusu nzima: 785. Hapo bado hujasogea. Ukitaka kurushwa juu kwa mchapuko wa nusu ya ule wa mvutano wa dunia, ongeza nusu yake tena, ufike karibu 1,180.

3. Nunua namba kubwa ya kwenye boksi. Nyutoni 6,000! Mstari wa chini yake usiusome: milimita 10 kwa sekunde. Gari lako litakuwa limeshapinduka na kuwaka moto kabla kiti hakijapanda urefu wa kidole. Nguvu na kasi hulipwa kutoka mfuko mmoja, nao ni wati. Mota ya servo ya wati 750, yenye nyutoni-mita 2.4 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ikizungusha skrubu ya gololi inayosogea milimita 5 kwa mzunguko, itakupa takriban nyutoni 2,700 na milimita 250 kwa sekunde. Weka skrubu ya milimita 10: kasi inapanda hadi 500, nguvu inashuka hadi 1,350. Atakayekuahidi 2,700 pamoja na 500 kwa mota ile ile, muulize na bomba la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya migodi, analiuza bei gani.

4. Usiache akiba. 1,350 inaizidi 1,180, kwa hiyo funga hesabu. Kisha shemeji mwenye kilo 110 ataomba zamu, nawe huwezi kumnyima shemeji. Sasa verini ya mbele inadaiwa karibu 1,400. Servo itajikakamua kwa sekunde chache, maana huweza kupita kiwango chake kwa muda mfupi, halafu itajizima kwa kuzidiwa. Shemeji atasema kiti chako kibovu.

5. Iamini SNEL, shirika letu la umeme. Skrubu ya gololi ni laini kiasi kwamba umeme ukikatika, uzito huirudisha nyuma, na wewe unashuka bila kuulizwa. Skrubu ya kawaida yenye meno ya kujifunga haiteremki, lakini hula zaidi ya nusu ya nguvu yako kwa msuguano. Waoga hununua mota zenye breki inayobana yenyewe umeme unapokatika. Wewe si mwoga.

6. Dai mwendo wa mita nzima. Usijali kwamba mwili haupimi umbali bali msukumo wa ghafla, wala kwamba kiigizaji cha ndege cha Edwin Link, cha mwaka 1929, kiliwayumbisha wanafunzi wa urubani kwa mivukuto ya ogani. Sentimita 10 zingetosha kukudanganya, ila majirani hawangeziona kutoka barabarani.

7. Swichi ya dharura ifunge ukutani, karibu na mlango. Kutoka juu utaiona vizuri sana.