Sifa za Hadi Diski Inayogonga

Jahazi limesifiwa, mnazi umesifiwa, na kwenye harusi za hapa Mwanjelwa mshereheshaji humsifia hata bwana harusi ambaye jina lake analisoma kwenye karatasi. Hadi diski mbovu haijapata wa kuisimamia. Watu huitukana, huipiga makofi, wengine huifungia kwenye friji kwa ushauri wa shemeji. Mimi ni mwenye steshenari ndogo: nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Nimekula na hadi diski miaka sita. Leo nasimama kuitetea.

Tuanze na nasaba, maana hakuna sifa bila ukoo. Babu yake alizaliwa Marekani mwaka 1956 katika kampuni ya IBM, akaitwa RAMAC. Alikuwa na sahani 50, kila moja pana kama sinia la pilau, uzito wake ulizidi tani moja, na tumbo hilo lote lilibeba takriban megabaiti 5, yaani picha moja au mbili za simu ya leo. Mjukuu wake niliye naye anaingia mfuko wa shati na anabeba gigabaiti 500. Sahani zake huzunguka mara 5,400 kwa dakika, mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kiasi kwamba unywele ukipita hapo ni gogo. Kiumbe wa kazi hiyo nilimpakata akiwa anazunguka, ndani ya bajaji, kutoka Uyole, kwa sababu mteja alitaka barua yake kabla ya saa nne. Alivumilia matuta yote. Nani kati yetu angevumilia?

Sifa yake ya kwanza ni ukweli. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Yangu haikuficha. Ilianza kwa uzito: barua ya ukurasa mmoja ikawa inafunguka wakati chai imeshachemka na kumiminwa. Kisha ikaanza kugonga, tak, tak, tak, kama mgeni mwenye adabu. Nikamwita fundi, kijana wa fremu ya tatu, akasoma ile rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Zilikuwepo sekta zilizohamishwa, vipande vilivyooza ambavyo diski imeviacha ikatumia vya akiba. Zilikuwepo pia sekta zinazosubiri, ambazo imeshindwa kuzisoma lakini haijazitolea uamuzi.

“Dada, hizi zinasubiri kama kesi za viwanja,” akasema. “Tofauti ni kwamba hukumu ya hizi naijua.”

Sasa ilinganishe na SSD, huyo kijana mtanashati asiyekuwa na sahani wala kelele. Ana mbio, hilo simnyimi. Lakini anaweza kulala mzima na kuamka maiti bila kukohoa hata mara moja. Hadi diski yangu ilinipigia hodi wiki tatu nzima, na mimi ndiye niliyeongeza sauti ya redio.

Sifa ya pili ni ualimu. Fundi aliniuliza kama nina bakapu. Nikajibu nikiwa nimenyoosha shingo: ninayo, kila Ijumaa nanakili kazi zote kutoka C kwenda D. Fundi hakucheka. Alivua kofia, akaiweka mezani, akanieleza kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba kwamba C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ni ile ile. Nimekuwa nikihamisha akiba kutoka sebuleni kwenda chumbani huku paa limeshika moto.

Kwa mtu wa Mwanjelwa ujinga huo hauna udhuru. Soko letu liliteketea Desemba 2006. Soko la Sido, ambako wafanyabiashara walikwenda kujishikiza, nalo likaungua mwaka 2017. Hapa hata mtoto anajua kuwa mzigo uliotolewa meza ya mbele ukawekwa stoo ya nyuma, ndani ya soko hilo hilo, haujahama. Mafundi wana kanuni yao: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Sisi kanuni hiyo tulifundishwa na moshi, mimi nikaisahau mara tu nilipopata kibodi.

Basi tukaanza kudurufu. Nilinunua SSD ya gigabaiti 480. Vitu vyangu vyote havikufika 130, nikaona ni sawa na kupeleka debe moja kwenye ghala. Programu ikakataa: pa kwenda ni padogo kuliko panapotoka. Kumbe kudurufu diski si kuhamisha vyombo tu, ni kuhamisha nyumba na kuta zake, na kile kichumba cha kuokolea Windows kilikuwa kimejengwa mpakani kabisa mwa kiwanja. Dawa yake ni kuzipunguza kuta kwanza. Fundi akakataa. Diski inayogonga haijengewi, alisema. Kila unapoiandikia ni kama kumkimbiza mgonjwa kwenda kilele cha Loleza. Inasomwa mara moja, kwa heshima, kisha inaachwa ipumzike. Akatoa diski yake ya terabaiti 1, tukatua hapo kwanza.

Kabla ya kubonyeza alinifanya nisome kwa sauti namba za diski zote mbili, kama mchungaji anavyohakikisha majina ya maarusi. Ukikosea ipi ni chanzo na ipi ni kipokezi, diski tupu itainakilia yenye mali utupu wake wote, kwa uaminifu mkubwa, na mwisho programu itakupongeza kwa kazi iliyokamilika.

Asilimia 37, ikasimama. Programu nyingi za kudurufu hazijui kusamehe: zikikuta sekta moja isiyosomeka, hufunga mkutano. Fundi akawasha kompyuta yake kwa Linux na kutumia ddrescue, ambayo ina akili ya wavuna mpunga wa Usangu. Huvuna kwanza palipo rahisi, hupita kando ya palipoharibika, kisha hurudi kuokota punje moja moja. Na huandika ramani ya ilikopita. Saa nane usiku umeme ukakatika. Asubuhi ikaendelea palepale ilipokuwa imefika. Hadi diski yangu, mgonjwa wa kufa, ilizunguka siku mbili ikitoa ilichonacho, ikipumzika, ikitoa tena. Nimeona warithi wasio na subira hiyo.

Kwenye nakala ile ndipo tulipopunguza kuta, tukaipeleka kwenye SSD. Pacha hao wakawa na kitambulisho kimoja, Windows ikamwacha mmoja nje ya mlango hadi tulipomchomoa mwenzake. Tukaipachika SSD ndani ya laptopu, laptopu ikasema haioni cha kuwashia. Fundi akaitengenezea njia upya ya kuwakia kwa flashi ya Windows. Ikawaka.

Hapo ikajitokeza sifa ya tatu, ambayo ndiyo kubwa: huruma. Tulipata karibu kila kitu, na hiyo “karibu” ina upana wake. Pale sekta ilipogoma kusomeka, nakala ina sifuri tupu. Picha ya pasipoti ya mteja mmoja ilirudi na paji la uso na macho mawili makini. Kuanzia puani kwenda chini ni kijivu, kama ukungu wa Julai. Na faili la madeni halikufunguka kabisa. Majina yote, tarehe zote, wale wa kopi za mia mbili na yule wa kadi za harusi. Hadi diski iliwasamehe kwa dakika moja watu ambao mimi, Mkristo wa kila Jumapili, nilikuwa nimewashikilia tangu Pasaka.

Najua wapo watakaonitajia wengine wanaostahili sifa. Watataja wingu la intaneti. Wingu ni zuri, ila kama umeliweka lifuate kila unachofanya, ukifuta hapa nalo linafuta kule, na bando linakwisha vilevile. Wengine watataja zile flashi zinazojiita terabaiti 2 kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Hizo hupokea kila unachozipa, hutabasamu, kisha huandika kipya juu ya cha zamani kwa sababu tumboni zina nafasi ya kijiko. Hadi diski yangu ilipokosa nguvu ya kusoma ilisema imekosa. Kati ya mwongo mpya na mkweli anayekufa, najua wa kumsimamia.

Mwenye chuma chakavu alipita akaitaka. Nikamnyima. Kufuta faili si kuliondoa, na humo ndani kuna vitambulisho na vyeti vya nusu ya mtaa. Hata bila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nisingeuza sura za wateja wangu kwa kilo. Sasa imekaa kaunta, inakandamiza fomu zisipeperushwe na upepo, kazi ambayo inaifanya bila kosa.

Juzi amekuja mwalimu mstaafu kutoka Rungwe na laptopu inayochelewa. Nikamwamkia, nikamuuliza kama ana bakapu.

“Ninayo, mwanangu. Kila kitu nimeweka kule D.”

Sikuongea. Niliinyanyua kutoka kwenye fomu, nikamwekea kiganjani. Akaigeuza, akauliza ni nini.

“Hadi diski, mwalimu.”

“Hadi lini?” akauliza, maana masikio yake ni ya umri.

Nikaona hakuna cha kuongeza. Jioni fundi alipomaliza kumdurufia, nilimwomba mwalimu achague faili moja kwenye nakala mpya, lolote analolipenda, alifungue mbele yangu kabla hajatoa hela. Akafungua picha ya marehemu mkewe. Ilifunguka yote, mpaka miguuni.