Fundi, Jeki Iko Wapi?

Huku kwetu kati ya Mtendeli na Kibondo, gari likianza kulia mbele, kila mtu ni daktari. Noah yangu inagonga ko-ko-ko kwenye vishimo vidogo, na mshale ukikaribia themanini, usukani unatetemeka mpaka meno yanagongana. Konda kasema ni shokapu. Abiria wa siti ya mbele, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, kasema ni injini mauntingi. Mama mwenye dumu la mawese hakuhangaika na chanzo: "Mwanangu, nenda polepole, mafuta yangu yanamwagika."

Abiria nawasamehe. Wanaonichosha ni mafundi. Enzi kambi ya Mtendeli ilipokuwa imejaa wakimbizi wa Burundi, barabara hizi zilijaa Land Cruiser nyeupe za mashirika, na bili haikumuuma aliyeshika usukani. Kambi ilifungwa mwaka 2021. Mashirika yamehama, tabia ya mafundi kutaja vipuri bila kupima imebaki. Fundi mmoja alisimama mbali, mikono mfukoni, akanitajia orodha: shokapu mbili, boljointi mbili, tairodi endi, beringi. Hata kuinama hajainama! Nikamuuliza boljointi kaionaje kutoka pale aliposimama. "Bosi, huo mlio naujua."

Mlio upi? Beringi ikichoka huanza kwa kuvuma. Mvumo unapanda na mwendo, na ukikata kona unabadilika. Sivi jointi inalia ta-ta-ta usukani ukikatwa mpaka mwisho. Usukani ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, kaangalie diski. Ukitetemeka kwenye mwendo fulani, anza na matairi na rimu. Na boljointi haipimwi kwa macho ya mbali: gurudumu linainuliwa kwa jeki, linashikwa juu na chini, linatikiswa, likicheza, mtu anachungulia ndani ajue kinachocheza ni boljointi au ni beringi. Kisha linashikwa kushoto na kulia, na hapo tairodi endi iliyokwisha haina pa kujificha.

Hayo nimeyaona kwa kijana mmoja wa Kibondo, mwenye kandambili na jeki ya kuazima. Alivua gurudumu, na ndani ya rimu akakuta tope letu jekundu, limekauka kama tofali, limeng'ang'ania upande mmoja tu. Akalibandua kwa bisibisi, akarudishia nati, akapita upande wa pili. Halafu akaishika stabilaiza lingi, akaitikisa: ko-ko. Kijiti tu chenye kifundo huku na huku! Tukanunua kimoja, akafunga, usukani ukatulia na kugonga kukaisha.

Jioni nikapita pale kwa yule wa orodha. Akasikiliza gari likija, mikono ikiwa mfukoni vilevile, akatabasamu.

"Unaona, bosi? Si nilikwambia tatizo liko huku mbele?"