Mwongozo wa Kupiga Msuli kwa Wavivu

Mdogo wangu, umefika chuo na huna mpango wa kuteseka? Tukae pamoja. Wanaotaka kukesha na kuzunguka na mabegi ya madesa mgongoni waache waendelee. Sisi tunataka kufaulu na kulala, na yote mawili yanawezekana.

Soma mara moja, kisha funga daftari. Kurudia desa lile lile mara tano ni kazi ya mtu mwenye nguvu za kuchezea. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, halafu mara tatu likaandika kila lilichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja wakakumbuka kama asilimia 40, wenzao 61. Na hao wa 40 ndio waliokuwa wamejiamini zaidi! Sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio, huanzia hapo: macho yameshazoea maandishi, mtu anadhani kichwa nacho kimeshika.

Tuseme umetoka kwenye kipindi cha mzunguko wa damu. Chukua karatasi tupu, chora moyo. Vyumba vinne. Damu kutoka mwilini inaingilia wapi? Inakwenda mapafuni kwa njia gani, na ikirudi na oksijeni inafikia chumba kipi? Ukikwama kwenye vali fulani, usikimbilie desa. Pambana nayo dakika mbili, hata ukiandika kitu cha kubahatisha. Kisha fungua, tazama pale pale ulipokwama, weka alama ya kuuliza, funga. Zile alama za kuuliza zilizobaki kwenye mchoro ndizo ratiba yako ya kesho. Yale uliyochora sawasawa huna haja ya kuyasoma tena. Umeona kazi ilivyopungua?

Kesho chora tena, halafu wiki ijayo, halafu siku chache kabla ya testi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kila tunaporudia kujifunza inakuwa rahisi zaidi. Muda ule ule wa kusoma ukisambazwa unamshinda mkeshaji wa usiku wa mwisho.

Diskasheni je? Nenda, ila watu wanne wanatosha, na anayeeleza asiwe na karatasi mkononi. Watu kumi na wawili chini ya mwembe, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanaitikia "sawa, sawa", hapo mnasomewa tu.

Sasa usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na ni katika usingizi ndipo ubongo unapoimarisha uliyojifunza mchana. Kwa hiyo anayelala baada ya kusoma bado yuko kazini. Kahawa ina tabia ya kukaa: mwili huchukua saa tano hivi kuondoa nusu ya kafeini yake. Ukinywa saa mbili usiku, ikifika saa saba, nusu yake bado inazunguka mwilini. Kunywa asubuhi. Na ili simu isile muda wako wa kulala, mpe mwenzako akutunzie kwa saa moja ya kusoma.

Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likiingia, chakula kwanza. Ligawe kwa wiki siku ile ile, lipia hata wali maharage wa mwezi kwa mama ntilie unayemwamini, ndipo ufikirie viatu. Hili nalisema bila mzaha, kwa sababu nimeona vijana wenye akili nzuri wakisinzia darasani, na tatizo lilikuwa njaa.

Vyuo vyetu vingi vinaweka alama 40 kwenye testi na kazi za darasani, na 60 kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Mvivu mwenye busara anazitafuta hizo 40 kwa bidii tangu wiki ya kwanza, maana ukiingia UE na 30 mfukoni, mkono hautetemeki.

Na mambo yakikuelemea, iwe ada, ugonjwa, msiba nyumbani au moyo tu umechoka, nenda kwa mhadhiri wako au ofisi ya mshauri wa wanafunzi mapema. Usingoje wiki ya mitihani. Mapema kuna mengi ya kufanya: kuongezewa muda, kupelekwa kwa mnasihi, kuahirisha mwaka kwa utaratibu. Barua ya kuomba kuahirisha huandikwa kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Kama hujui pa kuanzia, mwombe mwakilishi wa darasa akusindikize hadi mlangoni.