Mjomba Spana Anajibu: Pistoni Imegoma

*Mjomba Spana, shikamoo. Kalipa ya mbele kulia ya Noah yangu imeng'ang'ania, pistoni haitoki. Nimeipiga WD-40, nimeigonga nyundo, nimeivuta kwa plaizi, nimeisomea na dua. Jirani yangu anayeziba pancha anasema niipige upepo wa kompresa. Nifanyeje? – Niliyechoka, Tanga*

Marahaba, mpwa. Dua endelea nayo, plaizi weka chini. Pistoni ya chuma hupakwa kromu, na meno ya plaizi yakiikwaruza pale inapopita sili, hiyo pistoni si yako tena, ni ya mnunua vyuma chakavu.

Kuhusu jirani, kabla ya kumfuata mhesabu vidole. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 54, ukiipiga upepo wa bar 7, inasukumwa na nguvu ya karibu kilo 160. Inakaa kimya, inakaa kimya, halafu inaachia yote kwa mpigo, na kilichokuwa mbele yake ni mkono wako.

Chombo unachotafuta unakikanyaga kila siku: pedeli. Rudisha kalipa kwenye bomba lake, toa pedi, weka kipande cha mbao mbele ya pistoni isije ikaruka, kisha mwambie mtu akanyage taratibu huku ukiangalia kikopo cha mafuta ya breki kisikauke. Mafuta hayashindiliki kama upepo. Pistoni ikisogea kidogo tu, nguvu inashuka hapo hapo, na inatoka kwa adabu. Tega beseni chini, maana mafuta hayo yanakula rangi ya gari.

Kama breki yenyewe haina nguvu, tafuta nipo ya grisi yenye uzi unaolingana na tundu la bomba, ziba la kutolea upepo, halafu pampu grisi. Ni kazi chafu lakini haishindwi kirahisi. Ukimaliza, safisha mpaka isibaki hata harufu, na sili ya zamani tupa: grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa breki.

Pistoni ikishatoka ipitishe ukucha. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, nunua nyingine. Kisha chokonoa mfereji wa sili ndani ya kalipa, kwa kijiti, si kwa bisibisi. Kutu ikijaa humo inaisukuma sili ikabane pistoni, na hapo wengi hufunga sili mpya juu ya uchafu wa zamani. Na chumvi ya Tanga si mshitakiwa pekee. Mafuta ya breki hunyonya maji hewani: DOT 4 mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. Maji hayo hayo ndiyo yanayozaa kutu ndani. Wewe uliyabadilisha lini? Usinijibu.

*Mjomba, nimetoa pistoni, nimesafisha, nimefunga sili mpya. Gurudumu bado linashika! – Mwenye Hasira, Mbagala*

Umemfunga asiye na hatia. Piga jeki, kanyaga breki, achia. Gurudumu likiwa gumu, legeza nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, bomba la mpira limevimba kwa ndani: linapitisha mafuta kwenda, halirudishi. Badilisha bomba. Lisipolegea, angalia zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake.

*Mjomba, mume wangu amechukua sufuria yangu ya wali wa nazi anachemshia kalipa, eti pistoni ilainike. Nirudi kwetu? – Mama Wawili, Mombasa*

Usirudi, mwanangu, ila sufuria hiyo usiipikie tena kamwe. Mafuta ya breki ni sumu, na hayaaminiki kwa kuosha tu. Mwambie azime jiko, asome barua ya Tanga hapo juu. Akishafunga kila kitu, atoe upepo mpaka pedeli iwe ngumu, kisha ajaribu gari peke yake, polepole, mahali pasipo watu. Watoto wasipande siku hiyo. Na kabla hajaenda kununua sili, aanzie duka la vyombo: sufuria mpya, yenye mfuniko.