Utangulizi wa Elimu ya Mikwaruzo ya Korbiyari

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Mjerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini katika daraja 10 kwa kanuni moja: lililo gumu hukwaruza lililo laini. Talki ikashika mkia, almasi ikakaa kileleni. Katika mji wa migodi kama Lubumbashi, ngazi hiyo imetumika sana kupimia malakiti na mawe mengine, na kwa mshangao wetu haijapandishwa hata mara moja kwenye ubavu wa korbiyari, lile gari la maiti jeusi linalofika mtaa wa Bel-Air likiwa limekwisha kuzika watu wa nchi nyingine. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo.

Tuanze na ngozi ya mgonjwa. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, kisha rangi nyeusi, kisha vanishi angavu ambayo unene wake ni kama mikroni 40, pungufu ya unywele wa mtu. Heshima yote ya marehemu barabarani inategemea mikroni hizo. Mafundi wa kila nchi hupima mkwaruzo kwa kina chake. Umwagie maji: ukipotea, umo ndani ya vanishi tu na utaondoka kwa kusuguliwa. Ukibaki na ukucha unanasa, umekwisha kuvuka. Bati likionekana, mvua za Novemba zitaleta kutu. Upimaji huo ni sahihi kabisa, ila unamwambia fundi la kufanya bila kumwambia atakayelipa, na Bel-Air hilo la malipo ndilo huulizwa kwanza. Kwa hiyo sisi tunaainisha mikwaruzo kwa wazazi wake.

Ukoo wa kwanza ni wa mayatima: mikwaruzo iliyokuja na gari, kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Tunduma hadi Kasumbalesa. Hauna wa kushitakiwa, na muuzaji aliuona jana tu, kama mnunuzi.

Ukoo wa pili ni wa vumbi, nao ni mkubwa na wenye maajabu. Kiangazi cha Lubumbashi huanzia Mei hadi Septemba, na vumbi lake jekundu limebeba chembe za kwatsi, daraja la 7 kwa Mohs, ugumu ambao vanishi haiwezi hata kuuota. Sasa mtazame dereva mwenye adabu nje ya nyumba ya maiti. Haiwezekani marehemu apandishwe gari chafu, basi anatoa kitambaa kikavu na kufuta, tena kwa moyo wote. Anapiga msasa. Jua likitoka, boneti nzima inaonyesha viduara vyembamba kama utando wa buibui. Tunathubutu kuweka kanuni hapa: kadiri dereva alivyo na heshima, ndivyo gari lake lilivyochakaa. Gari la dereva mvivu hung'aa miaka mingi, chini ya vumbi.

Ukoo wa tatu ni wa kilio chenyewe. Humo mna matawi ya miti yaliyofungwa mbele ya gari bila kitambaa chini, waya wa mashada ya maua, mishikio ya jeneza iliyoburuzwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Mna pia kabila adhimu la pete na saa za chuma, linalozaliwa pale wafiwa wanapoupiga mlango huo wakimwita mtu wao arudi. Manseba, yule wa bodaboda, aliyejipenyeza na pikipiki yake katikati ya msafara tunamweka ukoo huuhuu, ijapokuwa yeye halii.

Matibabu yana shida ya kalenda. Kiangazi, vumbi hutua juu ya rangi mbichi. Masika, unyevu huiachia vanishi ukungu mweupe. Umeme ukikatika, kompresa hunyamaza ubavu mmoja ukiwa umekwisha na wa pili ukingali na masitiki. Kila usuguaji nao hula vanishi kidogo, kwa hiyo gari lililong'arishwa mara nyingi mno hubaki uchi. Ndiyo maana kuna madhehebu ya polishi nyeusi ya viatu, yenye wafuasi wengi kuliko yanavyokiri. Inaziba kila kitu hadi mvua ya kwanza, na ole wake aliyevaa shati jeupe akaegemea.

Lakini polishi haijibu swali la malipo. Mayatima na vumbi ni mzigo wa mwenye gari, hilo halina ubishi. Kwa ukoo wa tatu hadaiwi mtu, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumpelekea mjane ankara ya mkwaruzo. Fedha hizo huingizwa kimyakimya katika bei ya mteja anayefuata. Basi ukitajiwa bei ya korbiyari ukashtuka, ujue unalipia pete za waliolia kabla yako; na wewe, kabla msafara haujaondoka kwenda makaburi ya Sapin, vua yako uitie mfukoni.