Mboni kwa Sarafu 25

Worldcoin, mradi ulioasisiwa na Sam Altman na wenzake, uliingia Nairobi na maneno matamu: utambulisho wa kidijitali usiotegemea serikali yoyote, kila mtu awe bwana wa data zake. Sharti lilikuwa dogo tu. Kwanza alikodolee macho tufe la chuma linalong'aa, mboni zake zipigwe picha.

Wakenya hawakuhitaji kusomewa falsafa. Mwishoni mwa Julai 2023 walifurika jumba la mikutano la KICC kwa maelfu, kwani aliyejisajili aliahidiwa sarafu 25 za kidijitali, thamani yake kama shilingi 7,000. Unga ulikuwa ghali, faragha ilikuwa bure.

Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi, ghafla imeshikwa na uchungu wa data za raia. Ni dola ile ile ambayo Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliikosoa kwa kutoa kadi za utambulisho za Huduma bila kupima kwanza athari zake, kinyume cha sheria ya data ya 2019.

Na bwana wa data mwenyewe? Hadi leo humwandikia mlinzi wa getini jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi, kwenye daftari ambalo kila mgeni anayefuata hulisoma akisubiri kalamu.

Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin ifute data za mboni ndani ya siku saba, Kamishna wa Data akisimamia. Utambulisho ulionadiwa kuwa hautegemei serikali, hata kufutwa umetegemea serikali.